Lipa Namba inamlipa mkulima? Tathmini kutoka Tengeru hadi Kibosho

Kibandiko cha Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea malipo kwa simu, siku hizi hakikai dukani peke yake. Nenda Tengeru, nje kidogo ya Arusha, siku ya soko, Jumatano au Jumamosi, utakikuta kimebandikwa kwenye kreti la nyanya, kimening'inizwa shingoni mwa mama anayeuza ndizi mshare, kimegandishwa kwenye kioo cha Fuso linalosubiri kupakia kwenda Dar. Kilombero ya Arusha mjini na Mbuyuni ya Moshi ndiyo usiseme. Tunachopima hapa ni kitu kimoja. Mkulima mwenye eka moja au mbili za nyanya, vitunguu au kahawa akipokea malipo kwa Lipa Namba, anabaki na nini zaidi ya yule anayepokea taslimu, au anayetumiwa kwenye namba yake ya kawaida?

Jibu kabla ya maelezo: huduma ni nzuri, ila inamlipa mkulima mwenye mahali pa kuitumia hiyo pesa ikiwa bado ndani ya simu. Anayepokea asubuhi na mchana akawa kwa wakala anaitoa yote, amehamisha makato kutoka mfuko wa mnunuzi kuja mfukoni mwake.

Bei yenye mkia

Simama pembeni ya mauzo yoyote ya nyanya usikilize. Wamekubaliana tenga moja 25,000. Simu haijatoka mfukoni, mkulima anasema, "Na ya kutolea." Mnunuzi ananuna. "Mama, nikatwe kukutumia, halafu nikuwekee na ya kutolea?" Wanavutana, mwisho mnunuzi anakubali kuongeza elfu moja au mbili, lakini anataka tenga lijazwe kichuguu. Hapo kwenye kichuguu ndipo mkulima anapolipa makato bila kujua, maana nyanya zilizokaa juu ya ukingo wa tenga zina bei yake, na kwenye matenga nane ni karibu tenga zima limeondoka bure. Wakala wa Vipimo wamepiga vita lumbesa, huko kujaza kupita kipimo, miaka na miaka. Hakuna mfumo wa malipo unaoizuia, na ukweli ni kwamba mabishano ya "ya kutolea" yameipa lumbesa kisingizio kipya.

Lipa Namba inaondoa nusu ya mvutano huo. Mlipaji anayelipa kwa Lipa Namba hukatwa kidogo kuliko anayetuma kwa mtu, na mara nyingine hakatwi kabisa, kwa hiyo hoja yake ya "nikatwe kukutumia" inakufa. Nusu ya pili inabaki palepale: wewe ukiitoa, unakatwa.

Tufanye hesabu. Matenga 8 kwa 25,000 ni 200,000. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kuitoa yote kwa wakala kunakula 5,000. Ni asilimia 2.5 ya mauzo, na watu wengi wanaishia hapo wakasema si kitu. Lakini mbegu, dawa, vibarua, matenga yenyewe na nauli vikiwa vimekula 160,000, faida ni 40,000, na hiyo 5,000 ni moja ya nane ya faida. Makato yanapigwa kwenye mauzo yote, hayajui mtaji wala faida. Wiki ambayo nyanya imeshuka bei na faida ni 10,000, makato yaleyale yamekula nusu.

Ndiyo maana fungua orodha ya makato ya mtandao wako uisome kabla ya msimu, usisubiri kuisoma kwenye meseji. Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, makato yamepangwa kwa vidaraja, na daraja jipya kwa kawaida huanzia kwenye namba ya mviringo. Kutoa 199,000 badala ya 200,000 kunaweza kukushusha daraja zima. Pili, kutoa mara moja ni nafuu kuliko kukatakata. Wakala akikwambia "sina kashi ya kutosha, tutoe 50,000 mara nne," ujue kamisheni yake ni ya kila muamala, na makato yako pia. Mwambie utoe ile 50,000 unayoihitaji leo, nyingine ibaki ndani.

Kupokea malipo bila kulia

Utaratibu ni mfupi. Mnunuzi anapiga menyu ya mtandao wake (*150*00# kwa M-Pesa, *150*01# kwa Mixx by Yas iliyokuwa Tigo Pesa, *150*60# kwa Airtel Money, *150*88# kwa Halopesa), anachagua sehemu ya kulipa, anaingiza Lipa Namba, kiasi, jina la biashara linatokea, ndipo anaweka namba ya siri. Jina hilo ndilo ulinzi wako wa kwanza. Mwambie alisome kwa sauti kabla hajamalizia. Vibandiko vya karatasi hunyeshewa, tarakimu ikafutika, mtu akaikolezea kwa peni, 3 ikawa 8, na pesa ikaenda kwa mwenye saluni mtaa wa Sakina. Chapisha upya, paka laminesheni, yaishe.

Ulinzi wa pili ni salio. Meseji ya "Umepokea" inaweza kutengenezwa na mtu yeyote mwenye simu, na matapeli wanaijua kazi hiyo: jina la kampuni limeandikwa vizuri, namba ya muamala ipo, kiasi kiko sawa. Wanakuja saa mbili asubuhi soko likiwa limechemka, wanakuonyesha simu yao, "si umeona imeenda?" Usisome simu ya mteja. Usisome hata meseji kwenye simu yako ukaishia hapo. Piga menyu, angalia salio, uwe umeandika salio la asubuhi kwenye daftari. Tofauti ndiyo malipo. Sekunde 40 zinatosha, na tenga lisiguse bega la kuli kabla hazijaisha. Wale wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" wako upande mwingine wa kazi hiyohiyo, wao wanakuwinda wakati wewe ndiye unayelipa.

Tatizo la tatu ni mtandao kukwama katikati. Milimani huku, Uru juu, Mwika, Rombo, mawimbi yanakuja na kuondoka, na menyu ya nyota inakatika isipojibiwa haraka. Mnunuzi akikwama baada ya kuweka namba ya siri, asirudie papo hapo. Aangalie salio lake kwanza. Waliorudia bila kuangalia wamelipa mara mbili, halafu mnaanza kutafutana. Pesa ikienda kwa namba isiyo yake, apige 100 mara moja akiwa na namba ya muamala, kabla aliyepokea hajaitoa. Ikishatolewa, kurudishwa kunategemea hiari ya mtu. Hapa kuna ubaya mwingine ambao wakulima wengi hawaujui: wapo wanunuzi wanaotuma kwa namba ya kawaida, wanapakia mzigo, wakifika Kwa Sadala wanapiga huduma kwa wateja kudai walikosea namba. Kwenye Lipa Namba ujanja huo ni mgumu zaidi, kwa kuwa malipo yameingia kwa jina la biashara, si la mtu. Kwa maoni yetu hii peke yake inatosha kumfanya anayeuza kwa watu asiowajua awe nayo.

Kuhusu usajili: namba ya NIDA ni ya lazima, na laini iwe kwa jina lako mwenyewe. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole, wazee wengi wamebaki na laini iliyosajiliwa na mtoto au mjukuu. Inafanya kazi hadi siku namba ya siri inapopotea au mjukuu anapokwenda Dubai. Ihamishe kabla ya mavuno.

Mahali pa kuitumia

Sasa kwenye kiini. Orodhesha mambo kumi unayolipia msimu mzima: mbegu, mbolea ya kupandia, ya kukuzia, dawa za ukungu, vibarua, trekta au plau, nauli ya mzigo, mashine ya kusaga, ada, umeme. Weka tiki kwa kila anayepokea kwa simu. Duka la pembejeo mjini, tiki. Umeme, tiki. Ada na malipo yote ya serikali kwa kontroo namba, tiki. Fuso au Canter la mzigo, siku hizi tiki. Kibarua wa palizi, hapana. Anataka mkononi jioni, na hata akitumiwa anadai ya kutolea. Mashine ya kusaga, mara nyingi hapana. Ukipata tiki sita na zaidi, Lipa Namba inakulipa. Ukipata mbili, kaa na taslimu, hakuna aibu.

Duka la pembejeo ndilo kubwa kuliko yote hayo. Wanauchumi Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichapisha mwaka 2011 utafiti wao wa Busia, magharibi mwa Kenya. Wakulima walipopewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, kisha wakaletewa bila gharama ya usafiri, walioitumia waliongezeka, kwa kiasi kisichopungua kile ambacho punguzo kubwa la bei baadaye lingeleta. Kila mkulima wa Kilimanjaro anajua kwa nini. Pesa ya mavuno Agosti haifiki Februari. Inapita kwenye msiba, harusi, bati, ada, na kreti mbili za soda za mgeni. Kwa hiyo siku malipo yameingia, kabla hujafika stendi, lipia mifuko yako ya mbolea dukani kwa Lipa Namba ya duka. Dai stakabadhi yenye aina ya mbolea, idadi ya mifuko na tarehe ya kuchukua. Maduka mengi yanakubali, kwa kuwa nayo yanataka mtaji. Kama duka halikupi stakabadhi, hiyo ni mali kauli, biashara ya ahadi ya mdomo, ila ya kinyumenyume, achana nalo.

Wanaochukua mbolea ya ruzuku wazingatie jambo dogo linalosumbua wengi. Mfumo ulioanza msimu wa 2022/2023 unamtambua mkulima kwa usajili unaobeba namba yake ya simu. Ukibadilisha laini katikati ya msimu, ujumbe unakwenda kwenye laini ya zamani wewe ukiwa umesimama dukani. Pita ofisi ya mtendaji wa kijiji urekebishe kwanza, ndipo uende kwa wakala wa mbolea.

Mali kauli imepata simu

Lawama yetu kubwa haiendi kwenye teknolojia yenyewe, inakwenda kwenye tabia iliyoingia nayo. Zamani dalali aliyetaka mzigo kutoka Tengeru au vitunguu kutoka Mang'ola alikuja na bulungutu la noti. Leo anakuja na ahadi: "Nikishusha tu, nakurushia." Urahisi wa kutuma umefanya kuchelewesha kuonekane jambo la kawaida. Mzigo unaondoka saa kumi jioni, unafika Dar alfajiri, soko limeshuka, na bei mliyokubaliana inaanza kujadiliwa upya kwa simu, wewe ukiwa huna nyanya wala pesa. Kanuni inayofanya kazi ni nusu iingie kabla ya kupakia, na iliyobaki iingie kabla turubai halijafungwa. Mnunuzi anayesema mtandao unasumbua, msubirini wote pamoja mpaka urudi.

Wanunuzi wa Kenya wanaoingia kwa Namanga, Holili na Tarakea ni habari nyingine kidogo. M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zinatumiana tangu 2015, na pesa inaingia ikiwa shilingi ya kwetu. Tazama kiwango cha kubadilishia, siyo makato tu. Uliza maduka ya kubadilisha fedha ya mpakani siku hiyohiyo wananunua shilingi ya Kenya kwa bei gani, zidisha, ndipo ukubali kutumiwa. Kwenye mzigo mkubwa, tofauti ndogo ya kiwango inapita makato yote.

Kahawa ni hadithi tofauti

Kwa kahawa, Lipa Namba haihitajiki. Ushirika wa Kilimanjaro una mizizi ya tangu chama cha wakulima KNPA cha 1925 na chama cha ushirika KNCU cha 1933, na njia ya pesa imebaki kuwa ileile ya msingi: AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, inapima, mkulima anapata malipo ya awali, na kilichobaki kinakuja baada ya kahawa kuuzwa mnadani Moshi. Kilichobadilika ni kwamba malipo yanaweza kushuka moja kwa moja kwenye akaunti au simu ya mwanachama. Kinachokwamisha karibu kila mara ni jina. Daftari la AMCOS linasema jina la ubatizo na la ukoo, laini imesajiliwa kwa jina la NIDA lenye herufi tofauti, au imesajiliwa kwa mke. Malipo ya watu mia mbili yanatumwa kwa mkupuo, yako yanarudi nyuma, na unasubiri mkupuo mwingine. Juni, kabla mchumo haujaanza, mpelekee karani nakala ya NIDA na umwombe apige namba yako mbele yako aone jina linalotokea.

Jambo la pembeni ambalo watu wa tathmini huliruka: kihambani, kwenye shamba la nyumbani la Wachaga, kahawa ni ya baba, ndizi na maziwa ni vya mama. Pesa ya ndizi ilikuwa inafungwa kwenye ncha ya kanga, na ncha ya kanga kila mtu ndani ya nyumba anaijua ilipo. Ikiingia kwenye simu ya mama yenye namba yake ya siri, inakaa. Hapo hata makato yakiwepo, yanalipia kitu.

Akiba, mkopo na pesa ya mtoto wa mjini

Pesa inayotoka mjini kuja kijijini ndipo ushahidi ulipo mzito zaidi. William Jack na Tavneet Suri walionyesha mwaka 2014, kwa takwimu za Kenya, kwamba kaya zisizotumia M-Pesa zilipopatwa na janga matumizi yao yalishuka kwa asilimia 7, na za watumiaji hayakuyumba. Emma Riley, mwaka 2018, alitumia takwimu za Tanzania, akatazama mvua zinapoharibika kijiji kizima: waliokuwa na huduma hii walishikilia matumizi yao, majirani wasiokuwa nayo hawakufaidika. Maana yake kwa mzee wa Kibosho ni rahisi. Mvua za masika zikigoma, mwenye shamba la jirani naye hana, wa kukuokoa ni mtoto aliyeko Dar au Mwanza, na anakufikia kwa dakika moja. Kwa hili huhitaji kibandiko chochote, laini ya kawaida inatosha.

Vikundi vya mfongo (mfereji wa kumwagilia) na VICOBA vikitaka kuweka pamoja, M-Koba, akiba ya vikundi ndani ya M-Pesa, ina faida ya kuonyesha kila mchango kwa wanachama na kutotoa pesa bila idhini ya waliopangwa. Sanduku la funguo tatu linafanya kazi hiyohiyo, ila sanduku haliwezi kupokea mchango wa mwanachama aliyeko Arusha.

Mikopo ya papo kwa papo ndani ya simu hatuipendekezi kwa pembejeo, kwa sababu ya hesabu ya siku. Mkopo wa siku 30, nyanya inachukua miezi mitatu hivi kutoka kuhamishwa kitaluni hadi mchumo unaoeleweka. Ile huduma ya kuongezewa kiasi kilichopungua kukamilisha muamala ni mbaya zaidi kwa mkulima, si kwa ukubwa wake bali kwa namna inavyojilipa: kila kinachoingia kinakatwa kwanza. Umetumiwa malipo ya awali ya kahawa, unafungua simu, deni la mwezi wa tatu limeshachukua chake na ada zake. Kama unayo, ilipe kabla ya siku ya malipo ili ujue umepokea shilingi ngapi hasa.

Tozo ya serikali kwenye miamala ya simu nayo isisahaulike. Ilipoanza Julai 2021 watu wengi walirudi kwenye noti. Ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo, na ikaendelea kupunguzwa baadaye. Anayepanga msimu wake kwa simu asikilize bajeti ya Juni kama anavyosikiliza utabiri wa mvua.

Wakala na Desemba

Wakala ana mifuko miwili: floti iliyoko kwenye simu, na kashi iliyoko drooni. Ukitoa, unamaliza kashi yake na kumwongezea floti. Siku ya soko kila mtu anatoa, kwa hiyo saa saba mchana Tengeru kashi imekauka, na wakala aliye mbali na soko, karibu na kituo cha mafuta au duka la jumla, ndiye anayo, kwa kuwa huko watu wanaweka. Kwa kiasi kikubwa mpigie jana yake.

Kubwa kuliko yote ni Desemba. Kuanzia tarehe 15 hivi magari ya Dar yanapanda Marangu, Machame na Rombo, kila mji una wageni, mbuzi wanauzwa, mbege, pombe ya ndizi, inapikwa, na kila anayefika anataka kutoa. Malipo ya kahawa nayo yanaweza kuangukia humohumo. Wakala wa kijijini mwenye mtaji wa milioni mbili anamaliza kashi kabla ya saa nne asubuhi na kushuka Moshi kutafuta nyingine, nauli na foleni juu. Mwenye vibarua wa kulipa mwezi huo aitoe tarehe 10. Na mwenye mbuzi wa kuuza aweke Lipa Namba getini, kwa sababu wageni hao pesa wanazo, ziko kwenye simu, na hakuna wa kuwatolea.